Sufuria ya Wifi Mkubwa

Mwaka ule dunia nzima ilipozibwa mdomo kwa kitambaa, udaktari ulipatikana kila kona. Muuza mkaa alikuwa daktari, dereva alikuwa daktari, na mwenye simu ya kupokea video kutoka kwa shemeji yake wa mbali, huyo alikuwa profesa kabisa. Mke wa Kinyozi peke yake ndiye aliyebaki kuwa fundi cherehani. Watu walimwita Fundi, na mwaka ule alishona barakoa mpaka akawa akikutana na mtu njiani haoni uso, anaona vipimo: huyu pua ndefu, huyu mashavu, huyu atahitaji mpira wa ziada nyuma ya masikio.

Mumewe, Kinyozi, alikuwa mpole nyumbani, maana maneno yake yote aliyamalizia kazini, kwenye masikio ya watu waliofungwa shuka shingoni wasioweza kukimbia. Amri ilitoka kila mtu avae barakoa. Kinyozi akavaa, wateja wakavaa. Lakini ndevu hazinyolewi juu ya kitambaa. Kwa hiyo mteja aliingia amejifunika kama bibi harusi, akakaa, akavua, akamwaga umbea wake, akapuliziwa umbea wa Kinyozi, akanyolewa, kisha akavaa barakoa yake kwa adabu zote na kutoka nje akiwa amejikinga. Ilikuwa kinga nzuri sana. Ilifanya kazi barabarani tu.

Siku moja Kinyozi alirudi mchana, shingo imelala upande, akasema mwili unamuuma kama mtu aliyebeba kiti cha saluni na mteja akiwa amekikalia. Fundi akampachika kipimajoto kwapani, kile kidogo kinacholia kikimaliza kazi. Kikalia. Thelathini na saba na nukta nane.

"Ni homa?" Kinyozi aliuliza, sauti imekwisha kama anayeaga.

"Ni kahoma," Fundi alimjibu. "Usianze kugawa nguo."

Alimwacha chumbani, akafungua dirisha, akamtengea sahani yake na kikombe chake, akamvalisha barakoa. Godoro lake mwenyewe akaliburuta hadi sebuleni. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: akamkataza mama mkwe wake kuvuka kizingiti cha kile chumba.

Mama Mkwe alikuwa na pumu. Hata siku njema kifua chake kiliimba kama birika lililosahauliwa jikoni, na msimu wa baridi uliopita walikuwa wamemkimbiza hospitali, midomo imegeuka rangi, Fundi akimshika mkono garini huku akimwahidi Mungu mambo mengi ambayo baadaye hakuyatimiza. Daktari aliwaambia wazi: kifua hiki hakitaki mchezo. Kwa hiyo Kinyozi angeweza kuumwa na kupona, lakini kama alichonacho kingehamia kwa mama yake, Fundi aliujua mwisho wake, na hakutaka kuufikiria hata akiwa amefumba macho.

"Yaani mimi nimembeba tumboni," Mama Mkwe alilalamika, "leo niambiwe nimwogope?"

"Humwogopi yeye, Mama. Unaogopa alichobeba."

"Alipokuwa mdogo alibeba chawa, na nililala naye."

"Chawa hawaingii kifuani, Mama."

Bibi huyo alisonya kwa muziki wa kifua chake, akachukua kigoda, akakaa kwenye ujia kuutazama mlango uliofungwa. Akamsimulia mwanawe habari za jirani, na mwanawe akajibu kwa kukohoa. Mazungumzo yakawa mazuri tu.

Mambo yangeishia hapo, ugonjwa ukapita na hadithi isiwepo, kama Kinyozi asingempigia simu dada yake.

Wifi Mkubwa aliyajua maradhi yote. Kwa miaka mingi alipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kuuliza jina na kusema "Kaa pale." Lakini mwenye kichwa chepesi hahitaji darasa, elimu yenyewe humfuata mezani. Wifi alikuwa ameketi karibu sana na mlango wa daktari, na kwa miaka yote hiyo utabibu ulikuwa ukimpenyea kupitia tundu la ufunguo. Kwamba ulikuwa utabibu wa magego, hilo ni jambo dogo. Kwani kichwa si kimoja?

Alifika na sanduku, na blanketi zito lenye picha ya simba, na sufuria ambayo mtu akiiona huuliza msiba uko wapi.

"Nimefika," alisema mlangoni. "Sasa mnaweza kupumua."

Kabla hata hajavua viatu aliwakusanya sebuleni akatunga sheria. Kidole kilikuwa juu.

"Sikilizeni. Nyumba ya mgonjwa haiendeshwi kwa huruma. Atakayevuka thelathini na nane, awe nani, anaingia chumbani peke yake, mlango unafungwa, hatoki. Hakuna cha mama, hakuna cha dada. Mmesikia?"

"Tumesikia," alisema Fundi.

"Mama?"

"Nimesikia, mwanangu. Kelele hizo hata mfu angesikia."

Halafu Wifi alifunga dirisha la mgonjwa, kwa sababu upepo, alisema, ndio unaoleta haya mambo. Akamvisha mdogo wake sweta mbili. Kinyozi alipoomba maji aliambiwa maji baridi ni chakula cha homa, akaletewa tangawizi iliyochemshwa mpaka ikakasirika. Sufuria ikawekwa jikoni na malimau, vitunguu, na majani fulani ya kwenye ua ambayo mbuzi wa jirani alikuwa ameyapita mwaka mzima bila kuyagusa. Ilipotokota ikapelekwa chumbani, Kinyozi akainamishwa juu yake, simba akashushwa.

"Dada, naungua!"

"Si wewe unayeungua. Ni ugonjwa."

"Mbona pua ni yangu?"

"Vuta!"

Alipofunuliwa alikuwa anametameta kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, macho yamemtoka. Papo hapo Wifi akamchomeka kipimajoto kwapani. Kikalia. Thelathini na nane na nukta tisa.

Hapo nyumba ikazizima. Kwenye ujia Mama Mkwe akaanza kuomba kwa sauti. Wifi Mkubwa peke yake ndiye aliyetabasamu, tabasamu la mtu aliyesema tangu mwanzo.

"Mnaona? Ulikuwa umejificha huu. Mvuke umeufukua. Bila mimi mngemzika mkidhani ana mafua."

Jioni hiyo kabla jua halijatua akafukizwa tena. Akapimwa palepale. Ikawa thelathini na tisa na ushee. Kwa kuwa homa imepanda, ilibidi mvuke uongezwe, na kwa kuwa mvuke uliongezwa, homa ikapanda, na Wifi akazunguka nyumba akisema hajawahi kuona ugonjwa mkaidi namna hii, hata kwenye kliniki.

Asubuhi Wifi akiwa bado amelala, Fundi alivaa barakoa, akaingia chumbani polepole, akampima mumewe kabla sufuria haijaamka. Thelathini na saba na nukta saba. Akakitikisa kipimajoto. Akapima tena. Ileile.

"Nakufa?" Kinyozi aliuliza ndani ya masweta yake.

"Kwa sasa unaiva tu," Fundi alisema. Akatoka uani, akapiga ile namba ya bure iliyokuwa ikitangazwa redioni. Baada ya muziki mwingi wa kusubiri, akapokea nesi mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala tangu ugonjwa uanze.

"Homa yake ikoje, mama?"

"Asubuhi inakuwa ndogo. Ila tukimpima baada ya kumfukiza, inaruka hadi thelathini na tisa."

"Mnampima muda gani baada ya kumfukiza?"

"Akitoka tu. Blanketi halijafika chini."

Kisha nesi akakohoa, kikohozi cha kuficha kitu kingine.

"Mama, ukitoa kiazi sufuriani ukakipima, utasema kina homa?"

Fundi alijishika mdomo.

"Sikiliza. Joto dogo kama hilo ni mwili wenyewe unapigana. Usiupigie ngoma za ziada. Mvue hayo masweta, avae nguo nyepesi. Afunguliwe dirisha. Anywe maji, uji, chochote cha majimaji, mara kwa mara. Mwili ukimuuma sana mpe dawa ya kutuliza homa kama pakiti inavyosema, asizidishe. Apumzike. Ukimpima, awe ametulia nusu saa nzima. Ila akianza kuhema kwa shida, au kifua kimbane, au maneno yasieleweke, au midomo igeuke rangi, hapo usipige simu ya kuuliza, mlete. Tutatuma watu waje kumchukua kipimo. Kuna nani mwingine hapo nyumbani?"

"Mama yake. Ana pumu."

Sauti ya nesi iliacha uchovu wote. "Huyo asimkaribie. Na hilo blanketi, mama, nakuomba. Mgonjwa akikohoa humo ndani hakuna pa kutokea. Atakayeingia naye atavuta kila kitu."

Fundi alirudi ndani na ujumbe wake, akaufikisha kwa heshima zote, kama anavyotakiwa mke mbele ya dada mkubwa wa mumewe. Wifi alikuwa anakunywa chai.

"Nesi wa simu," alisema Wifi, akikitua kikombe taratibu. "Amemwona mgonjwa?"

"Hapana, wifi."

"Ameshika paji lake?"

"Kwa simu?"

"Ahaa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mke wa mdogo wangu, wewe ni fundi mzuri. Kwenye suruali sikuingilii. Mimi nimekaa kliniki."

Kisha, kama hilo halikutosha, akatangaza mpango mpya. Alikuwa ameuwaza alfajiri, na ulimpendeza mwenyewe kuliko wote. Leo adhuhuri familia nzima ingejifukiza pamoja. Sufuria moja, blanketi moja, Kinyozi katikati ili mvuke umtoe ugonjwa, wengine pembeni ili uwakinge palepale. "Kinga na tiba kwa mkupuo," alisema. "Simba ni mkubwa, tutaenea."

"Na Mama?" Fundi aliuliza.

"Mama ndiye wa kwanza. Si ndiye mwenye kifua?"

Fundi alimgeukia Mama Mkwe akitarajia msaada. Hakuupata. Yule bibi alikuwa amenyanyuka kwenye kigoda, uso umechanua kama msichana aliyeitwa dansini. Siku zote hizo amezungumza na mbao za mlango, na sasa anaambiwa atakaa bega kwa bega na mwanawe. Akaenda kubadilisha kitambaa cha kichwa.

"Mama, tafadhali," Fundi alimfuata. "Kumbuka baridi ile."

"Naikumbuka, mwanangu. Lakini nikikataa, atajua nimemwogopa. Mtoto akijua mama yake anamwogopa, dawa gani itamponya?"

Fundi akaenda mlangoni kwa mumewe.

"Baba, leo unaongea. Mwambie dada yako mama haingii."

"Sitaki aingie," Kinyozi alisema kwa uchungu wa kweli. "Naapa sitaki."

"Basi sema."

Kinyozi alikuwa mtu mzima aliyeogeshwa na dada yake mpaka akaota ndevu.

"Mwambie wewe," alisema mwisho. "Sema nimelala."

Jikoni sufuria ilikwisha kuanza kuimba. Fundi alisimama akiitazama. Akafikiria kuimwaga, Wifi angejaza nyingine. Akafikiria kupiga kelele. Angeitwa mke aliyemnyima mumewe dawa, na bibi angeingia chini ya blanketi akimlilia mwanawe. Akatazama kipimajoto mfukoni mwa aproni yake. Akakitazama tena. Ndipo uso wake ukalainika, ukawa mnyenyekevu kupita kiasi, uso ambao wateja wake waliufahamu: huuvaa anapomuuliza mtu aliyenenepa kama ana hakika vipimo vya mwaka jana bado vinamfaa.

"Wifi," alisema, akiibeba sufuria hadi sebuleni na kuituliza sakafuni, "nisamehe, mimi mjinga wa mambo haya. Mama naye giza linamtisha. Ungetangulia wewe kwanza, utuonyeshe mtaalamu anavyokaa? Tukikuona, hata Mama atapata moyo."

Kuna watu ukiwaomba msaada wanakutazama kama wanaombwa figo. Lakini ukimwomba mtu kama Wifi somo, hata akiwa amelala huamka.

"Leteni kigoda," alisema.

Akakaa, akainama, simba akashuka. Kutoka humo ndani ilisikika sauti yake nzito ikifundisha.

"Mgongo unanyooka. Pumzi ndefu."

"Kwa pua au kwa mdomo, wifi?"

"Pua! Kisha mdomo!"

"Na macho?"

"Yafumbwe!"

"Na mtu akihisi anaishiwa nguvu?"

"Hapo ndipo... ndipo inapofanya kazi!"

Mama Mkwe alisogea. "Mwanangu, umo?"

"Nimo, Mama!"

"Na ukitaka kukohoa unafanyaje, wifi?" Fundi aliendelea. Siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Hakuacha hata kona moja ya somo. Aliuliza habari za masikio, za nywele zilizosukwa, za meno ya bandia, na Wifi, ambaye kwenye meno alikuwa nyumbani kabisa, akalijibu hilo kwa kirefu.

Alipojifunua alikuwa amelowa, anahema, anatabasamu. "Mmeona? Sasa najisikia msichana."

"Tukupime basi, wifi, tuione hiyo nafuu," alisema Fundi, na kabla sentensi haijaisha kipimajoto kilikuwa kwapani.

Kililia. Fundi akakisoma. Akakisoma tena, akikunja uso. Akampa Mama Mkwe, ambaye alikiweka mbali na macho, kisha karibu.

"Thelathini na tisa," bibi alisema. "Na kamkia."

"Kimeharibika hicho!" Wifi alisema.

Fundi akakifuta kwa spiriti, akajipima mwenyewe mbele yao. Thelathini na sita na nusu. Akakifuta, akampima Mama Mkwe. Karibu sawa. Kipimajoto kilikuwa kizima kuliko wote waliokuwemo.

"Basi ni mvuke!" Wifi alipaza sauti. "Nimetoka kwenye mvuke sasa hivi, lazima..."

Mdomo ulibaki wazi, lakini maneno yalikuwa yamegeuza njiani.

"Mvuke, wifi?" Fundi aliuliza kwa upole. "Kumbe mvuke unapandisha joto? Basi na ile tisa ya mgonjwa..."

Ilikuwa raha kuutazama uso wa Wifi Mkubwa wakati huo. Kulia kwake kulikuwa na mlango ulioandikwa kwamba amekosea, kwamba amempika mdogo wake wa damu siku nzima kisha akamsomea joto la supu. Kushoto kulikuwa na ugonjwa hatari unaoua watu duniani kote. Hakusita sana.

Akajishika paji.

"Kwa kweli," alisema, sauti imeshuka, "tangu asubuhi nilikuwa najihisi."

"Pole sana, wifi."

"Viungo vyote."

"Basi mwanangu," Mama Mkwe alisema, na hapo kifua chake kilisahau hata kuimba, "sheria uliitunga mwenyewe. Hakuna cha mama, hakuna cha dada. Nenda chumbani. Na hilo blanketi sasa lina wagonjwa wawili. Mimi siingii, hata simba mwenyewe namhurumia."

Wifi Mkubwa akaingia chumba cha cherehani kwa hadhi ya malkia anayepelekwa uhamishoni. Mlango ukafungwa. Sufuria ikamwagwa uani, na yale majani, hata yalipokwisha kupikwa, mbuzi hakuyataka.

Tangu hapo dirisha la Kinyozi likawa wazi. Akavuliwa masweta, akapewa maji hata akalalamika kwamba sasa anafanya kazi ya kukimbilia choo. Fundi alimtazama anavyopumua, akamsemesha kuona kama maneno yanaeleweka, na yalieleweka mno. Homa ilikaa pale chini ilipokuwa tangu mwanzo, ikapungua, ikarudi kidogo, ikachoka. Wahudumu walikuja na vijiti vyao, wakamchokoa kila mtu pua.

Upande wa Wifi kulikuwa na shida moja tu: hakukubali kupimwa tena.

"Nikupime, wifi? Umepumzika sasa."

"Usinisumbue. Homa ya aina yangu haitaki kuchokozwa."

"Basi kwa kuwa umekaa tu, nikuombe unitilie mipira kwenye hizi barakoa. Mkono usikae bure."

Na kwa kuwa mgonjwa aliyezidiwa hakatai kilicho mbele yake, na kwa kuwa kutoka maana yake ni kukiri, Wifi alitia mipira. Alitia mipira ya rundo zima lililokuwa limemshinda Fundi, akiguna kila baada ya barakoa kadhaa ili wajue bado anateseka.

Majibu yalikuja kwa simu wakati Fundi anaanua nguo. Kinyozi alikuwa nao. Ule wenyewe, wa redioni. Wengine wote hawakuwa nao.

Fundi aliegemea ukuta. Upande wa pili wa ua, Mama Mkwe alikuwa amehamishia kigoda chake nje, mbali na dirisha la mwanawe, barakoa yenye maua imemfunika hadi machoni, anamsimulia kwa sauti ya juu jinsi jirani alivyogombana na jogoo. Ndani, Kinyozi alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kamba ilikuwa imebeba simba, aliyefuliwa kwa maji ya moto na sabuni nyingi. Fundi alimtazama simba yule kwa muda mrefu. Sufuria moja, blanketi moja, Mama wa kwanza. Akajikuta amekaa chini, nguo mapajani, analia bila kelele kama mtu anayezuia chafya.

"Umepatwa na nini, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Vumbi, Mama."

"Ua umefagiliwa."

"Basi ni jogoo."

Kinyozi alipopona kabisa, na watu wa afya waliporuhusu, Wifi Mkubwa naye alitangaza kwamba amepona. Kwamba kipimo chake kilisema hana kitu, hilo halikumsumbua. Ni kwa sababu, alieleza, alikuwa ameuchoma ugonjwa kwa mvuke kabla hawajafika na vijiti vyao. Alisimama kwenye ua na sanduku lake, akimweleza jirani.

"Thelathini na tisa, mwenzangu! Na kamkia! Na nilikuwa nafanya kazi humo ndani, mikono hii!"

"Ee Mungu," alisema jirani. "Ulitumia nini?"

"Utaalamu."

Kinyozi, mpole wa watu, alibeba sufuria mpaka barabarani. Wifi akamkumbatia mama yake, kisha akamvuta Fundi pembeni, akatazama huku na huku, akamsogezea mdomo sikioni.

"Wifi, nikuachie siri moja ya kitaalamu, maana wewe ni wa nyumbani. Mtu akitoka kwenye mvuke, usimpime palepale. Ngoja atulie, kama nusu saa hivi. Wengi hawalijui hilo."

"Asante, wifi," alisema Fundi, akiinamisha kichwa ili barakoa ifanye kazi yake. "Ningelijulia wapi mimi?"